Ishara ya Kusimama

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa choo cha yadi, maana ubao wa matangazo ulikuwa umeng'olewa ukapakwe rangi mpya. Ndivyo wafanyakazi wa reli ya buluu walivyopata habari, kila mmoja akiwa kwenye foleni ya haja yake, kwamba kampuni yao haipo tena. Imeungana na ile ya kijivu, tangazo lilisema. Wakubwa waliliita jambo hilo ndoa. Kama ni ndoa, basi bibi harusi alivuliwa nguo mlangoni, akapewa jina jipya, kisha akaambiwa asahau kwao.

Kipenga alilisoma lile tangazo mara mbili. Yeye alikuwa mpanga mabehewa, mtu wa kumwelekeza dereva wa kichwa cha treni anaposukuma mabehewa nyuma bila kuona mbele: sogea, taratibu, rudi, simama. Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo, na jina lenyewe alilipata kutokana na kipenga kilichoning'inia shingoni mwake. Vijana wengi wa yadi hawakuwa wanalijua jina lake jingine.

Maneno mengi ya lile tangazo yalikuwa matamu: familia moja, safari moja, kesho moja. Uchungu uliwekwa aya ya pili. Wapanga mabehewa wote wa buluu watafanya mtihani wa ishara za kijivu siku ya Ijumaa. Atakayeshindwa, kazi basi, na nyumba ya kampuni arudishe. Wa kijivu hawakutakiwa kufanya mtihani wowote. Na chini kabisa, mahali pa jina la mtahini, palikuwa na jina la mume wa binti yake.

"Hongera, Kipenga," fundi wa breki alimwambia kutoka nyuma ya foleni. "Ijumaa utampigia saluti mkweo."

Watu wakacheka. Hata Kipenga alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Huyo mkwe alikuwa mtu wa kijivu tangu zamani, na siku alipokuja kuposa, yadi nzima ilimtania Kipenga kwamba anamwoza mwanawe kwa majivu. Wa kijivu nao waliwaita wa buluu makopo, kwa sababu ya mabehewa yao ya zamani. Ulikuwa utani wa watu wanaolingana. Sasa mmoja alikuwa ameshika kalamu, na utani ulikuwa umekufa pale pale mlangoni pa choo.

&nbsp;

"Mwambie aje akufundishe," mkewe alisema jioni ile, akipepeta mchele. "Ni mtu wa nyumbani. Aibu ya nini?"

"Nikae mbele ya mkwe wangu, anishike mkono aniambie juu, chini, kushoto, kama mtoto wa chekechea?"

"Wewe unataka kazi au unataka heshima?"

"Nataka vyote viwili. Nilikuwa navyo mpaka jana."

Mkewe akaacha kupepeta. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na makali, na katika kota zile za reli, nyumba ishirini na nne zilizopangana migongo, wengi walimwogopa. "Sikiliza, baba watoto. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Hii nyumba si yetu. Vitanda vyetu, masufuria yetu, lakini kuta ni zao. Ukishindwa huo mtihani tunakwenda wapi?"

Kijijini kwao Kipenga, shamba lilishagawanywa kwa ndugu waliobaki, na akiba yake ingetosha kupanga chumba kimoja kwa miezi michache. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kitu pekee alichokijua vizuri duniani kilikuwa ni kusimamisha treni mahali inapotakiwa kusimama. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale yadini, na ndilo sasa alilotakiwa athibitishe.

Dawa ilipatikana kwa binti. Alikuwa anazijua ishara zote za kijivu, kwa sababu mumewe alipokuwa anasomea kazi alikuwa anafanya mazoezi sebuleni na yeye ndiye aliyekuwa dereva. Akaja Jumanne na mtoto mgongoni, akamsimamisha baba yake uani baina ya kamba za kuanikia nguo. Mama mtu akapewa kazi ya kuwa treni.

"Baba, mkono upande, punga polepole."

"Sogea."

"Sawa. Mama, sogea."

"Nasogea," mama mtu alisema, akaburuta ndala zake hatua mbili. Jirani aliyekuwa anafua aliacha nguo zake kwenye beseni akaja kuangalia, kisha akamwita mwenzake.

"Mkono mmoja juu, umetulia?"

"Simama," Kipenga alijibu bila kufikiri.

"Hapana, Baba. Kwa kijivu mkono mmoja juu ni njia nyeupe, endelea taratibu. Simama ni mikono miwili, yote juu."

Kipenga alimtazama binti yake kana kwamba amemtukana. "Mikono miwili? Mtu wa kazi hii ananing'inia kwenye ngazi ya behewa. Mkono mmoja umeshika chuma, akiuachia anaanguka relini. Huo mkono wa pili anautoa wapi?"

"Wao hawaning'inii. Wanatembea chini, pembeni ya reli."

"Basi wao wana muda. Sisi tulikuwa na kazi."

"Baba." Binti alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale. "Mimi sikuulizi ipi ina maana. Nakuuliza ipi iko kwenye kitabu."

Wakarudia mpaka jua likashuka nyuma ya tangi la maji. Wakarudia Jumatano, na Alhamisi. Mkono wake ulikuwa mbishi kuliko yeye. Kila akiambiwa simama uliinuka mmoja, na wa pili ukafuata umechelewa. Mkewe akawa anamvizia. Akiwa anakunywa chai, ghafla: simama. Akiwa anafunga kamba za viatu: simama. Alhamisi usiku mikono yote miwili ilipanda kwa pamoja, kikombe kikamwagika, na mkewe akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo. Walilala wakiwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia kuliko mengine yote.

&nbsp;

Meneja mpya alifika Ijumaa saa tatu na nusu, badala ya saa mbili. Alitoka makao makuu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, akawa anachagua pa kukanyaga kwenye kokoto zilizolowa mafuta. Wapanga mabehewa kumi na tisa wa buluu walikuwa wamepangwa mstari, kila mmoja na karatasi ya namba kifuani. Kipenga alikuwa namba kumi na saba.

"Hicho ni nini?" meneja aliuliza, akionyesha shingo yake.

"Kipenga, bwana."

"Kwetu hatutumii vipenga. Vinaleta makelele. Kivue."

Akakivua, akakitia mfukoni. Mkwe wake alisimama pembeni na ubao wa karatasi mkononi, macho kwenye viatu vyake. Asubuhi walipokutana alikuwa amemwamkia Kipenga kama kawaida, "Shikamoo, Baba," kwa sauti ndogo, na meneja akamkumbusha kwamba kazini hakuna baba.

Dereva aliyepangwa kwa mtihani alikuwa mtu wa buluu pia, mzee ambaye injini zilimla masikio hadi wakamwita Kiziwi. Jumatano alikuwa amefaulu mtihani wa madereva wa ishara hizo hizo, na alijivuna kwamba hakukosa hata ishara moja. Kichwa chake cha treni kilisukuma mabehewa sita, mbele na nyuma, mtu mmoja baada ya mwingine. Namba nne alishindwa. Namba kumi na moja alichanganya kushoto na kulia, akaanza kulia pale pale mbele ya wenzake, mtu mzima mwenye wajukuu.

Ilipofika zamu ya Kipenga, alifanya vizuri. Sogea, ikasogea. Rudi, ikarudi. Simama, mikono miwili juu, sawasawa kama uani, na mabehewa yakatulia. Mkwe wake alikuwa anaweka alama, na kila alama kalamu yake ilikuwa inakwenda kwa haraka zaidi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ilibaki sehemu moja: kurudisha mabehewa mpaka mwisho wa njia, mwendo kama wa mita mia mbili.

Meneja akaangalia saa. "Nina kikao saa tano. Asitembee, apande. Tumalize."

"Bwana meneja," mkwe alisema, "kitabu kinasema mpanga mabehewa atembee chini."

"Nimesema apande."

Kipenga akapanda. Akashika ngazi ya behewa la mwisho kwa mkono wa kushoto, mguu mmoja kwenye kidato, mwili nje ili Kiziwi amwone kule nyuma. Mabehewa yakaanza kwenda. Na meneja, ambaye simu yake ilikuwa imelia, akaanza kutembea huku anaongea, mtu mwenye mipango yake, mpaka akajikuta katikati ya reli ile ile, amezipa mgongo tani mia mbili za chuma.

Kipenga alimwona. Mkono wa kulia ulikwenda shingoni kutafuta kipenga, haukukikuta. Akapiga kelele, na mkwe wake naye akapiga kelele huku anakimbia, lakini injini ilikuwa inanguruma na mtu yule kidole kimoja kilikuwa kimeziba sikio ili asikie simu vizuri. Hapo Kipenga hakukumbuka kitabu wala uani wala kikombe cha chai. Mkono wake mmoja ulipanda juu, ukatulia.

Kwa kitabu cha kijivu, Kiziwi alitakiwa aendelee. Kiziwi alifunga breki zote.

Chuma kililia. Mabehewa yaligongana moja baada ya jingine, na la mwisho likasimama hatua mbili kutoka mgongoni mwa meneja. Aligeuka wakati huo. Aliruka, simu ikamponyoka, ikaanguka kwenye kokoto. Kisha meneja akainama, akaiokota, akaitazama.

"Kioo kimepasuka," alisema.

&nbsp;

Ofisini walikuwa wanne: meneja nyuma ya meza, mkwe na ubao wake, Kipenga na Kiziwi wamesimama. Viti vilikuwepo. Hawakuambiwa wakae.

"Namba kumi na saba alitoa ishara gani?" meneja alimuuliza mkwe.

"Mkono mmoja juu."

"Na kwenye kitabu, mkono mmoja juu maana yake nini?"

Mkwe akatazama ubao wake. "Endelea taratibu."

"Kwa hiyo alikosea."

"Bwana meneja, treni ilisimama. Isingesimama sasa hivi..."

"Mimi sikuulizi treni. Nauliza ishara." Meneja hakuinua sauti. Alikuwa ameshatulia, na mikono yake sasa aliikunja mezani. "Huu ni mtihani wa ishara. Nikianza kuandika kwamba palitokea hatari, itabidi niandike ni hatari gani, na nani alikuwa wapi. Hakuna aliyeumia. Andika: ameshindwa. Na dereva naye, amesimama kwa ishara ya kuendelea. Mwandike."

Kiziwi alikuwa ameinamisha sikio lake zuri. "Mimi nilisimama kwa sababu namjua aliyeinua mkono," alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Nimefanya naye kazi miaka ishirini. Yule akininyanyulia mkono, sifungui kitabu."

"Ndiyo hilo hasa tunalotaka kuliondoa," meneja alijibu.

Tangu kampuni ziungane, mkwe alikuwa amepewa mkataba mpya wa majaribio wa miezi mitatu, na alikuwa na mtoto wa miezi sita, na mama mgonjwa aliyemtegemea. Kipenga aliyajua hayo yote. Alimtazama yule kijana aliyempa binti yake, akaona kalamu inavyogusa karatasi na kuinuka, inagusa na kuinuka. Halafu ikaandika. Neno moja tu, ameshindwa, na sahihi chini yake.

Meneja akamsukumia Kipenga fomu. Nakiri kwamba nilitoa ishara isiyo sahihi kwa uzembe wangu mwenyewe. Akitia sahihi, atakaa kwenye nyumba ya kampuni miezi mitatu na kupewa nusu ya kiinua mgongo chake. Asipotia, au akiongeza maneno yake mwenyewe, wiki mbili atoke, na hiyo nusu akaidai kwa wanasheria. Fomu irudishwe Jumatatu asubuhi. Chini palikuwa na mistari mitatu mitupu: maoni ya mfanyakazi.

"Hapo huwa hapajazwi," meneja alisema.

&nbsp;

Jumamosi mchana binti alikuja na mumewe. Yeye alitangulia kuingia, mume akabaki kizingitini mpaka mama mkwe alipomkaribisha kwa kichwa. Fomu ilikuwa mezani, imewekewa bilauri isipeperuke.

"Nimemuuliza njia nzima," binti alisema, mtoto akihangaika mgongoni. "Nimemuuliza, uliandika? Anasema aliandika. Siku tatu namsimamisha baba yangu uani, majirani wanatucheka, ili mume wangu amwandikie ameshindwa."

"Ningekataa, angemwita mwingine aandike," mkwe alisema. "Baba, ungeshindwa vile vile. Na mimi ningekuwa nje. Nyumba mbili zikose siku moja, ingesaidia nini?"

"Kweli," Kipenga alisema. "Angeandika mwingine. Lakini ingekuwa imeandikwa na mwingine."

Mkwe akainamisha kichwa.

"Mimi sina ugomvi na tumbo lako. Tumbo la mtu halina kampuni. Mwanangu na mjukuu wangu wanakula kwako na nataka waendelee kula." Kipenga alikuwa anaongea taratibu, na hasira ilikuwa imemjaa hadi midomo ilikuwa mizito. "Ila uliona. Wewe uliona kwa macho yako, ulikimbia, ulipiga kelele kama mimi. Kisha ukakaa kwenye kiti ukaandika kama mtu ambaye hakuwepo. Chai ipo, kunywa. Lakini kwa leo usiniite Baba. Niite namba kumi na saba."

Chai haikunywewa. Kijana aliomba radhi mara mbili, akaondoka peke yake. Binti alisema atamfuata, na hakusema lini. Akaenda chumbani kumlaza mtoto. Waliobaki sebuleni ni mtu na mkewe, na ile fomu.

"Tia sahihi," mkewe alisema. "Mwenye nguvu mpishe. Miezi mitatu tunaweza kupata pa kwenda. Wiki mbili hatuwezi."

"Najua."

"Uzembe ni neno tu. Litakaa kwenye kabati la ofisi, litaliwa na mende. Nani atalisoma?"

"Mimi nimeshalisoma." Akaichukua fomu. "Wamenivua sare, nikanyamaza. Wameniambia jina la kampuni ambalo hata ulimi wangu haulijui, nikanyamaza. Kipenga nimevua. Nimejifunza uani kama mtoto. Lakini hili ndilo jambo moja nililowahi kulifanya vizuri maishani mwangu, mke wangu, na jana nililifanya vizuri kuliko siku zote. Wanataka niandike kwa mkono huu huu kwamba ulikosea."

"Unataka kuandika nini?"

"Maneno machache. Niliashiria simama. Treni ikasimama. Bwana meneja yuko hai."

Mkewe aliitazama ile sebule, pazia alilolishona mwenyewe, alama za urefu wa watoto ukutani kwa penseli, dirisha ambalo kwa miaka yote alilalamika kwamba halifungi. Kutoka yadini ilisikika sauti ya mabehewa yakiungwa na watu wengine.

"Alisemaje?" aliuliza hatimaye.

"Nani?"

"Huyo bwana. Baada ya kusimama. Alisema hata asante?"

"Alisema kioo cha simu yake kimepasuka."

Mkewe alivuta pumzi, akaitoa kwa pua. Uso wake ulibadilika, na Kipenga, aliyemjua kwa miaka thelathini, alijisogeza kidogo kwenye kiti.

"Asante ya punda," alisema. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu, akaiweka juu ya fomu. "Andika. Na uandike kwa herufi kubwa, maana yule macho yake hayaoni vizuri. Hata behewa hakuliona."

Kipenga akavuta kiti. Mkewe hakungoja amalize. Aliinuka, akafungua kabati, akaanza kushusha masufuria moja moja na kuyafunga kwa magazeti, maana wiki mbili si nyingi.